Kola ya Inchi 20

Shangazi wa bwana harusi alimzunguka mwanawe mara mbili, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa upole ambao nikiukumbuka mpaka leo tumbo linacheza: "Fundi, mwanangu yuko wapi humu ndani?"

Ilikuwa Jumamosi, saa 3 asubuhi. Ndoa saa 8 mchana. Na mwanawe kweli alikuwamo ndani ya lile koti, ila ilibidi umtafute. Mabega ya koti yalishamwacha yanaelekea Ubungo. Mikono iliishia njiani, kati ya kiwiko na kiganja. Na juu ya kola ya shati kilichomoza kichwa chembamba chenye huzuni, kama kobe aliyepigiwa hodi na mtu anayemdai.

Ningependa sana kumsingizia bondia Mike Tyson. Yuko mbali, hanijui, na hawezi kuja Manzese kujitetea. Lakini mkasi nilishika mimi.

Kibanda changu cha ushonaji kipo Manzese, mtaa wa ndani, na Manzese ngumi si habari za kwenye televisheni. Ukumbi wa Friends Corner uko huku huku, na ukirusha jiwe litampata bondia, au mwalimu wa bondia, au mtu anayemdai bondia. Mbele ya kibanda niliweka benchi la wateja. Mpaka siku ya harusi ile, sikuwa nimeona mteja aliyepata nafasi ya kulikalia. Lina wenyewe watatu.

Wa kwanza ni mzee muuza kahawa. Huyu ana pambano moja tu maishani mwake: Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Lilipigwa saa 10 alfajiri kwa saa za kule ili Wamarekani walione usiku kwao, na huku kwetu jua lilikuwa ndiyo linachomoza, yeye kijana, redio ya jirani ameikumbatia. Foreman hajawahi kupigwa: mapambano 40, ameshinda yote, 37 kwa nokauti. Ali ana miaka 32 na kila mtu ameshamwombea. Mzee akifika raundi ya 8, wanaomjua husogea nyuma, kwa sababu dele la kahawa ndilo linalokuwa mkono wa kulia wa Ali, na ndani mna kahawa ya moto.

Halafu kuna ile ya Februari 1980, Ali alipokuja Dar es Salaam ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Hilo ni la kweli. Sehemu ya mzee ndiyo inayokua. Mwaka juzi alisema alimwona Ali kwa mbali. Mwaka jana Ali alimpungia. Sasa hivi wameshapeana mikono, na kwa mwendo huu Krismasi itafika watakuwa wamelala chumba kimoja.

Wa pili ni mwalimu mstaafu wa historia. Huyu habishani, anasahihisha. Ukimwambia Rocky Marciano ni mkubwa kuliko wote kwa sababu alistaafu na mapambano 49 bila kupigwa hata mara moja, anakutazama juu ya miwani na kusema, "Jibu sawa, lakini sijaona njia."

Wa tatu ni dereva wa bodaboda. Ana miaka 24 au 25, Tyson alipoangushwa na Buster Douglas kule Tokyo mwaka 1990 yeye hata mimba yake ilikuwa bado. Lakini ndiye wakili mkuu wa Tyson mtaa mzima. Klipu zote anazo. Tatizo ni kwamba Tyson wa kwenye simu hajawahi kupigwa, maana klipu huisha kabla Douglas hajafika.

Mimi msimamo wangu ulikuwa mmoja, na niliutoa bure kwa kila aliyeomba na asiyeomba: bondia hapimwi kifua, anapimwa aliowapiga na siku aliyowapiga. Marciano alimpiga Joe Louis, sawa, lakini Louis alikuwa na miaka 37, amerudi ulingoni kwa sababu ya madeni ya kodi. Alimpiga Walcott, sawa, miaka 38. Hapo mwalimu husahihisha: Walcott alikuwa anaongoza kwa pointi mpaka raundi ya 13, Marciano akamlaza kwa ngumi moja ya kulia, na Archie Moore alimwangusha Marciano raundi ya 2, Marciano akaamka, akammaliza Moore raundi ya 9. "Aliyepaishwa kwa sifa tupu hainuki hivyo, fundi." Nakubali nusu. Nusu nyingine naiweka ya kesho.

Kwa Tyson sikuwa na nusu. Bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, mwaka 1986, hilo halina ubishi. Michael Spinks sekunde 91, mwaka 1988, watu walikuwa bado wanatafuta viti. Lakini kila alipokutana na mtu asiyetetemeka, alipigwa: Douglas, Holyfield, Lewis. Mtu wangu alikuwa Foreman. Mwangalie: Kingston, 1973, anamwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2. Anapigwa na Ali, anaondoka, anakuwa mhubiri, ananenepa. Halafu Novemba 1994, ana miaka 45, anampiga Michael Moorer raundi ya 10 na kuuchukua tena ubingwa, na amevaa bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Kinshasa alipanda mizani ana ratili 220, siku ile 250. Mimi kama fundi, sehemu hiyo ndiyo hunitoa machozi. Ratili 30 zimeingia wapi? Ile bukta kuna mtu aliifumua kiuno na kuiongeza, na hakuna aliyemtaja.

Basi. Jumatatu ya wiki ile akaja Maiki.

Jina lake la ubatizo ndilo hilo hilo la Tyson, na mtaani tunamwita Maiki tangu anacheza gololi. Mrefu, mwembamba, mpole, mwili ambao suti huupenda. Alileta kitambaa cha suti cha bluu nzito, suruali yake ya mfano, na kitambaa cha shati cha zambarau ambacho kamati ya harusi ilinunua jora zima: wasimamizi zambarau, wazazi zambarau, hadi mapazia ya ukumbini zambarau. Akatoa shilingi 80,000 za kutangulizia. Nikamsimamisha, nikavuta tepu.

Nje walikuwa wanachinjana. Dereva alikuwa amesema Tyson wa 1988 angempiga bondia yeyote aliyewahi kuzaliwa na mwanamke. Mzee akamuuliza Ali yeye alizaliwa na nini. Mwalimu, ili kutuliza, akatuambia tunapoteza muda na Wamarekani wakati Titus Simba alituletea medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970 na hakuna anayemtaja. Tukanyamaza kwa heshima, kama sekunde 4. Kisha dereva akasema, "Sasa Tyson..."

"Amepaishwa!" nikapiga kelele kutoka ndani, tepu imezunguka shingo ya Maiki. "Alipigwa!"

"Kama kupigwa ndiyo kupaishwa," mzee akasema, "Mandonga umemweka wapi?"

Hapo swali likawa gumu. Karim Mandonga, Mtu Kazi, ndiye bondia pekee ninayemjua aliyepigwa nokauti akatoka na jina kubwa kuliko aliyempiga. Halafu Januari 2023 akaenda Nairobi na ngumi aliyoipa jina mwenyewe, Sugunyo, nchi nzima ikacheka, naye akashinda. Utampima kwa tepu gani mtu kama huyo? Tulikubaliana kwamba Mandonga ana daraja lake peke yake, tukarudi kwa Tyson.

Maiki wakati wote huo alisema neno moja tu. "Fundi," akasema, huku kidevu amekiinua, "mimi ni wa Tyson." Sikumjali. Mteja hapimwi maoni.

Dereva akaingia ndani na simu. Amepata vipimo vya Tyson, vile vinavyosomwa kabla ya pambano. "Andika, fundi! Andika kwa mkono wako, kesho usije ukabisha!" Nikaandika. Shingo karibu inchi 20, tukaifanya 20 kwa heshima ya aliowalaza. Kifua 43. Mikono 71. Na hii ya mikono nieleze: bondia hupimwa amenyoosha mikono yote miwili kama aliyesulubiwa, kutoka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule. Mwalimu akadakia kwamba 71 si kitu, Sonny Liston alikuwa na 84 na urefu wake ulizidi futi 6 kwa inchi moja tu, na ngumi yake ukiizungushia tepu unapata inchi 15. Nikawaza shati la Liston. Unakata mikono, mwili unaushona kwa mabaki.

Kwa hiyo kaunta buku langu likawa na ukurasa wenye safu mbili. Kushoto Tyson, kulia bwana harusi: shingo 14 na nusu, kifua 36, mkono 26. Juu ya kila safu niliandika "Maiki". Kalamu ilikuwa inaishiwa wino, nami nikaona herufi zote za "Tyson" ni anasa.

Jumanne jioni dereva alikuwa amempeleka abiria Mbezi. Benchi likawa na nafasi, na mimi nikawa na nafasi. Mwalimu akauliza hivi vile vipimo vya Tyson tulivyoviandika jana vilikuwaje. Nikafungua buku kwa madaha, nikavaa miwani, nikasoma safu ya kulia.

"Shingo," nikasema, "14 na nusu."

Kimya.

"Kifua 36."

Mzee akaweka chini dele. Siku 365 za mwaka haliweki chini. "Thelathini na sita? Hata mimi nina thelathini na nane."

Mwalimu akaniomba tepu, akajizungushia shingoni mwenyewe. Inchi 15. Akairudisha bila kusema neno, akajinyoosha mgongo, na kwa nusu saa nzima mwalimu mstaafu wa historia alikuwa mtu mwenye shingo nene kuliko Mike Tyson, na ulimwona kabisa akiishi hivyo. Hata kikombe alikishika kwa namna nyingine.

Jioni ile nilihutubia. Nilisema picha za televisheni hukuza watu. Nilisema mabondia wa wakati ule walipigwa na hofu, Tyson alikuja kumalizia tu. Nilisema mambo kuhusu kamera ambayo sikuwa nayajua mpaka yaliponitoka mdomoni. Mzee alinipa vikombe 3 na kashata 2 bila malipo, kitu ambacho hakijawahi kutokea hata Idi. Mwalimu akanipa 8 kwa 10. Nililala nikitabasamu, mke wangu akaniuliza nimepata tenda ya shule gani.

Alhamisi usiku nikakaa kukata. Umeme ulikuwa umekatika, tochi ya simu nimeibana kidevuni. Nikafungua ukurasa, nikaona "Maiki", nikaanza na aliyekuwa kushoto, kama tunavyofundishwa kusoma.

Mtaniuliza, fundi, hukuona? Niliona. Hapo ndipo aibu ilipo, niliona kila kitu na kila kitu nilikipatia jibu. Shingo 20: nikashtuka, nikasema kijana huyu mbona mwembamba, kisha nikajijibu kwa sauti peke yangu gizani, "Macho hudanganya, tepu haidanganyi." Kifua 43: kitambaa kikagoma kutosha, ikabidi nitoe bitana ya ndani vipandevipande, nikamlaani muuza kitambaa kwa kumpunja kijana wa watu. Mikono 71: hapa niliingia akili kweli. Hakuna binadamu mwenye mkono wa inchi 71, hilo hata usiku ule nililijua. Nikaisogeza tochi. Saba zangu na mbili zangu ni mapacha, hata mimi huzichanganya. Basi hii si 71, hii ni 21! Nikakata mikono kwa 21, nikajipongeza kwa kuwa makini.

Suruali niliikata kwa kufuata ile ya mfano. Ilitoka safi. Nalitaja hili kwa sababu katika kisa chote ndilo pekee linalonitetea.

Ijumaa Maiki alikuja kujaribisha. Nikamwambia kile ambacho fundi yeyote anamwambia mteja siku moja kabla: "Bado vifungo tu, mdogo wangu, kesho asubuhi na mapema."

Na ndiyo tukafika kwenye lile swali la shangazi.

Tumtazame vizuri, maana mimi nilimtazama muda mrefu, sikuwa na pengine pa kutazama. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa bwana harusi. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa Mike Tyson aliyefukuzwa akabaki koti. Kola ya inchi 20 imezunguka shingo ya inchi 14 na nusu; msimamizi wake alijaribu kuibana kwa tai, kola ikajikunja kama mdomo wa gunia la mkaa lililofungwa kamba. Maiki hakulalamika. Alikuwa anajitazama kwenye kioo na kuinua mkono mmoja, kisha mwingine, kuona kama labda mmoja ni mrefu.

"Shikamoo shangazi," nikasema. Nilishamwamkia mara mbili.

Dereva alichungulia dirishani. Akaangalia koti, akaangalia buku lililokuwa wazi mezani. Akalivuta. Nikaona midomo yake inasoma. "Fundi," akasema, "hivi si vipimo vya Tyson?"

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye pedali ya cherehani. Lakini mwalimu alikuwa ameshasimama nyuma yake, na akili ya mwalimu haikuwa kwenye harusi hata kidogo. "Ngoja kwanza," akasema. "Kama hivi ndivyo vya Tyson, Jumanne ulitusomea vya nani?"

Nikakaa kimya. Mwalimu akamtazama Maiki shingoni. Akajigusa ya kwake. Taratibu, mbele ya macho yetu, ile shingo yake ya Jumanne ikarudi kuwa ya mwalimu mstaafu.

"Vikombe vitatu," mzee akasema kutoka benchini. "Na kashata mbili."

"Na mimi sikuwepo!" dereva akalia. "Mnamhukumu mtu wangu mimi nikiwa Mbezi! Kwa kifua cha Maiki!"

"Hata hivyo hoja ya Holyfield iko pale pale," nikasema, na wallahi sijui kwa nini nilisema hivyo, mbele ya mwanamke ambaye mwanawe anaoa baada ya saa 5.

Shangazi alichukua tepu yangu mezani, akaikunja mara mbili, akaishika kama kiboko. Hakumpiga mtu. Alisema tu, "Ndani ya nusu saa tunakwenda kupiga picha," na benchi zima likasimama wima.

Koti halikuwa na dawa. Upana ningepunguza, lakini mkono ulioishia njiani utaurefusha na nini? Pindo ni inchi moja. Mwalimu, ambaye dhamira ilishaanza kumsuta kwa zile 8 kwa 10, akaondoka bila kuaga, akarudi amebeba koti lake alilovaa siku ya kuagwa kazini. Lilikuwa la kijivu kizito. Kwa mbali, na kama huna nia mbaya, lilioana na suruali. Likamkaa Maiki vizuri kushinda makoti mengi niliyowahi kushona, jambo ambalo hakuna aliyelisema, namshukuru kila mmoja wao.

Shati ndiyo ilikuwa kazi. Kununua jingine haiwezekani, zambarau ile ilikuwa imekwisha hadi mapaziani. Nikaikusanya kola yote nyuma, nikaikunja pindo nene usawa wa kisogo, nikaishika kwa pini 6, koti likafunika. Mbele alikuwa safi kabisa. Sharti moja tu: asigeuze shingo na asiinamishe kichwa.

"Na kanisani anapiga magoti," shangazi akasema. "Wewe fundi unakuja."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeketi safu ya pili, nyuma ya bwana harusi, sindano imechomwa kwenye ukosi wa shati langu na pini za akiba mfukoni. Kila alipoketi, niliinama mbele, nikamkagua kisogo, nikamnong'oneza, "Unakwenda vizuri, tulia." Dereva aliyekuja kwa ajili ya kuona tu, akakaa kulia kwangu ameshika chupa ya maji. Mzee wa kahawa, Mwislamu safi ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwa pale, akakaa kushoto na kitambaa begani. Ilichukua muda kugundua kwamba tulikuwa wasaidizi wa bondia kwenye kona yake. Tulikosa kengele tu.

Watu walimsifu Maiki siku ile. Walisema ametulia, ana kidevu cha mtu mwenye heshima, haangaliiangalii huku na huku. Bibi harusi alipoingia, hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, miguu kwanza, kama kabati linalohamishwa. Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu anajua anachokifanya."

Kisha padre akawasimamisha kuwauliza kama wamekuja kwa hiari yao. Hapo pini ya nne ikaachia. Niliiona. Niliona koti linatikisika kidogo, pini inateleza, ncha inageukia ndani. Padre alikuwa bado yuko katikati ya swali, hata hajafika kwenye hiari.

"NDIYO!" Maiki akapiga kelele.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, kwaya ikadhani ni zamu yake ikaanza kuimba. Bibi harusi alikuwa analia kwa furaha, hajawahi kuona mwanaume mwenye haraka naye kiasi kile. Padre akacheka, akamwambia asubiri aulizwe kwanza. Mzee akaninong'oneza, "Mtupie taulo, pambano liishe." Nikachomoa pini moja mfukoni, nikainuka kama ninayefunga kamba ya kiatu, na wakati kwaya inaimba nikamaliza kazi kwa sekunde nyingi kidogo kuliko 91.

Lile koti sikulitupa. Limetundikwa kibandani, juu ya cherehani, na lina kazi. Nikifungua tu mdomo kusema Tyson amepaishwa, dereva hulitoa kwenye hanga, analivaa, anamkaribisha na mwenzake aingie. Wanatosha. Mwalimu anasema kama ushahidi halina thamani, kwa sababu ukubwa wa kola hausemi chochote kuhusu Douglas. Lakini anasema hivyo huku akicheka, na sijawahi kupata tena zaidi ya 5.

Wiki mbili baada ya harusi Maiki alikuja. Amenawiri, ameanza hata kujaa mashavu. Alikuja kuhusu zile 80,000. Hakuwa mkali, si mtu wa ukali. Aliketi kwenye benchi, akawa mteja wa kwanza kulikalia, akakubali kahawa, akasikiliza kidogo walichokuwa wanabishania. Kisha akanigeukia, shingo nzima safari hii.

"Fundi, kwa kweli. Foreman wa Kingston na Tyson wa 1988, wangekutana. Nani?"

Benchi lote likanitazama. Mzee aliweka chini dele. Mimi nilimtazama Maiki, nikatazama koti, nikakumbuka kwamba mwisho wa mwezi bado siku 9 na mfukoni nina 12,000.

"Tyson," nikasema. "Raundi ya pili."